Kijana Aliyewaza kwa Kuimba

Sogeeni karibu, wanangu. Leo tunaingia sebuleni kwa akina Berg, mjini Vienna, Austria, zaidi ya miaka 120 iliyopita. Kijana wao Alban, aliyezaliwa 1885, ni mpenzi wa mashairi. Shairi likimkaa moyoni, hulitungia muziki wa mwimbaji mmoja na piano. Mdogo wake Smaragda hupiga piano, na nyimbo zinaimbwa hapohapo nyumbani. Utunzi hajafundishwa na mtu.

Mwaka 1904 Alban alikuwa akijifunza ukarani serikalini, bila mshahara. Kaka yake Charly akaona gazetini tangazo la mwalimu wa utunzi, Arnold Schoenberg. Akabeba baadhi ya nyimbo zile, akampelekea kimyakimya. Mwalimu akazipenda, na kwa kuwa fedha zilikuwa shida, akaanza kumfundisha kijana bure.

Lakini Schoenberg aligundua jambo. Alban aliwaza kwa kuimba tu: akiambiwa atunge muziki usio na maneno, anakwama. Hata piano yake iliimba! Mwalimu aliona huo ni upungufu wa kurekebishwa. Mimi nauona ndio utamu wenyewe wa nyimbo zake.

Chukueni mmoja alioutunga baadaye, "Nacht", yaani Usiku. Mkipata kinanda, pigeni C, D, E, kisha vile vibonyezo vyeusi vitatu vinavyofuatana mbele yake. Pigeni tena, polepole. Mmesikia? Kila hatua ni sawa na mwenzake, kwa hiyo sikio halijui nyumbani ni wapi. Berg anafungua wimbo kwa sauti hizo, kwa sababu shairi linaanza na mawingu juu ya bonde na ukungu. Piano haimsindikizi mwimbaji. Piano ndiyo ukungu. Halafu ukungu unafunguka, hatua zinarudi kuwa ndefu na fupi kama tulivyozizoea, na bonde lote linaonekana.

Nyimbo nyingine sita za miaka ya 1905 hadi 1908 zinakwenda pamoja na huo. Zilikaa miaka mingi. Mwaka 1928, Berg akiwa tayari ametia fora kwa opera yake Wozzeck, alizitoa, akazisahihisha, akaziandikia pia okestra. Akamtunukia mkewe Helene, ambaye naye alikuwa amesomea kuimba.