Pwani na Milima kwa Siku Chache (Sehemu ya Pili): Ulale Kilifi, Gede au Malindi?

Juma lililopita tulizungumzia misimu: kaskazi, kusi na masika. Leo tuje kwenye jambo ambalo wageni wengi hulifikiria wakiwa wamekwisha kulipia chumba, nalo ni mahali pa kulala.

Mwenye siku tatu au nne, anayetaka kuoga baharini na pia kuingia bara akaone vilima, kwa kawaida huanza kwa kuuliza ufuo upi ni mzuri zaidi. Kwangu mimi hilo si swali la kwanza, kwa sababu ufuo wa Bofa pale Kilifi, ule wa Watamu na ule wa Malindi zote zinapendeza. Kinachozitofautisha ni barabara. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kilomita 120 hivi za lami inayokwenda sambamba na bahari, na barabara kubwa zinazoiacha lami hiyo kuelekea machweo ni chache. Ukilala mbali na ile unayoihitaji, siku yako itaishia garini.

Tuanze na Kilifi. Kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991, kila gari lilivuka mto wa bahari kwa feri, na magofu ya Mnarani bado yanakitazama kivuko hicho cha zamani kutoka juu ya jabali. Kusini kidogo ya daraja, pale Mavueni, kuna barabara inayopanda kwenda Kaloleni na kutokea Mariakani. Watu wa Nairobi wanaokwenda Malindi kwa gari lao wanaifahamu vizuri, maana inawaepusha na foleni za Mombasa. Mgeni wa mapumziko mafupi naye aifahamu. Inakupitisha kwenye vilima vya minazi vya Wagiriama, karibu na Kaya Fungo, moja ya kaya, yaani misitu mitakatifu, za Mijikenda zilizoingizwa mwaka 2008 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Huko hakuingiwi bila idhini ya wazee, na ni haki yao. Rabai nayo haiko mbali. Ni kutoka Rabai ambako mmisionari Johannes Rebmann aliondoka mwaka 1848, na mwezi Mei akauona Mlima Kilimanjaro na theluji yake, habari ambayo wasomi kadhaa wa Ulaya waliikataa kwa miaka.

Kwa hiyo anayetaka milima hasa, si vilima, alale Kilifi. Akitoka alfajiri atafika Mariakani bila kuugusa mji wa Mombasa, aingie barabara kuu ya Nairobi hadi Voi, kisha apande Mwatate na Wundanyi, kwenye milima ya Taita, penye baridi ya kutaka sweta. Asiye na gari anaweza kupanda Mariakani ile treni ya asubuhi inayosimama vituo vya kati, akashuka Voi. Lakini Taita haifai kwa kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Ipe Taita usiku wake angalau mmoja.

Malindi ina sifa nyingine, na ina tatizo ambalo vijarida vya watalii havilisemi. Kaskazini ya mji kidogo tu, Mto Sabaki unaingia baharini. Mto huu unaanza kama Athi katika nyanda za juu karibu na Nairobi, unapokea Mto Tsavo wenye maji ya Kilimanjaro, unaitwa Galana katikati ya nyika, kisha unafika kwetu kwa jina la Sabaki ukiwa umebeba udongo wa njia nzima. Mvua ikinyesha bara, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Pepo ndizo zinazoamua uchafu uende wapi: kusi ikivuma, udongo husukumwa upande wa Mambrui na Ngomeni; kaskazi ikiingia, hushuka kusini hadi ghuba ya mji, na wakati mwingine kufikia matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968.

Jambo hili linaniuma, kwa sababu halikuwa hivi tangu zamani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulichunguza tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Matumbawe hukua kwa tabaka, na tabaka zile zilionyesha udongo wa mto ukiongezeka tangu mwanzoni mwa karne ya 20, mashamba ya ukoloni yalipoanza kufyekwa huko juu, na haukurudi tena kiwango cha awali. Kila mti unaokatwa kwenye miteremko ya Athi una sehemu yake katika maji unayoogelea Malindi. Kwa msafiri, maana yake ni hii: ukija Desemba na vuli ilikuwa kubwa bara, lala Malindi ukipenda, lakini kuogelea nenda Watamu, iliyo mbali zaidi na mlango wa mto.

Sababu nzuri ya kulala Malindi ni Marafa. Unavuka daraja la Sabaki, unaiacha barabara ya Lamu upande wa Mambrui, na kwa saa moja hivi unafika kwenye korongo la mchanga mwekundu, mweupe na wa rangi ya chungwa, lililochongwa na mvua. Wazee husimulia kwamba hapo palikuwa na boma la matajiri waliooga maziwa hadi ardhi ikawameza. Rangi huiva jua likielekea kutua, na katikati ya mchana joto la ndani ya korongo halivumiliki. Anayetoka Kilifi atalazimika kurudi usiku mrefu barabarani. Wa Malindi atafika kabla ya chakula cha jioni. Barabara ya Sala, inayoingia Tsavo Mashariki, nayo huanzia Malindi.

Hata hivyo, kwa asiye na gari na mwenye watoto, ushauri wangu ni Gede, au Watamu iliyo kilomita chache kutoka hapo. Steji ya Gede haivutii macho, na wengi huipita bila kugeuza shingo. Lakini kutoka njiapanda ile, kwa tuktuk au bodaboda, unayafikia magofu ya mji wa Waswahili ulioachwa katika karne ya 17, yaliyoorodheshwa Urithi wa Dunia mwaka 2024. Mradi wa Kipepeo, wanakofuga vipepeo, uko pale pale. Msitu wa Arabuko Sokoke wenye kilomita za mraba 420 hivi. Na mikoko ya Mida. Ndani ya msitu, upande wa magharibi, kuna ukingo wa Nyari ambapo unasimama juu ya miti na kuiona bahari kwa mbali. Mwenye siku mbili tu anayetaka kilima na maji kwa pamoja, hapo atapata chake.

Ukilala Gede au Watamu, panga siku kwa maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hukupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa saa kumi alasiri, tofauti ikikaribia mita 4. Asubuhi hiyo tembea kwenye miamba pamoja na mwenyeji, ukiwa na viatu. Alasiri, maji yakipanda Mida, ndege wahamiaji husogezwa karibu na daraja la mbao la wenyeji. Maji mafu yakifika, saa hubadilika, basi muulize mvuvi usiku uliotangulia. Msitu uwekee alfajiri yake.

Usiku tatu zigawe kati ya mahali pawili ikiwa tu Taita imo. Bila Taita, kaa mahali pamoja.

Juma lijalo: kutoka Voi hadi Wundanyi, na njia ya kupanda Vuria.