Ndai Iko na Injini Ingine, Logibuku Haina Habari

Kirinyaga Road, ile wabuda wa Nairobi bado wanaitanga Grogan, injini zimepangwa kwa mbao zikingoja mwenyewe. EJ20 za Subaru, 1NZ za Probox, 1KD za HiAce. Zote eksi-Japani, zote mileji kidogo, zote zilitoka kwa gari iligongwa nyuma. Injini yenye ilitoka kwa gari ilinoki hujawai ikuta Grogan. Ukidai kucheka, uliza muuzaji akuonyeshe hiyo mileji imeandikwa wapi.

Lakini tusidanganyane, kuswapi si uwenda. Injini ikishanoki, kuitengeneza ni kusaga kranki, kununua metali, pistoni, ringi na gasketi, halafu uombe Mungu yule msee wa mashine aliamka poa. Ile ya kununua inakam ikiwa imefungwa na inaingia haraka. Ndo maana wasaka doh, namaanisha wenye mathree na Probox za miraa, hawafikiriangi mara mbili. 1NZ inatoka, 1NZ inaingia. Mounti ni zile zile, soketi za waya zinashikana, ECU haijui ka kuna kitu ilifanyika. Hiyo swapi ukiniuliza mimi ni akili safi.

Risto ni ile ingine. Kuna msee ako na Forester SG5 isiyo na turbo. Imempeleka job na ocha miaka na miaka bila kelele. Halafu usiku moja Thika Road anapitwa na WRX ikitoa ile sauti ya kukohoa, na maisha inaharibika. Wiki hiyo hiyo ashaulizia EJ205, ama EJ20X ya Legacy, juu mbogi imemshow ati hiyo inaingia tu, boloti kwa boloti.

Ni ukweli, inaingia. Shida ni vitu zenye inakujanga nazo. Krosimemba ya turbo imekatwa tofauti, juu kuna paipu ya egzosti inapita hapo chini ikienda kwa turbo. Unahitaji intakula, redieta inatosha, pampu ya mafuta yenye nguvu, waya na ECU ya hiyo injini mpya. EJ20X iko na AVCS pande zote mbili na turbo ya twini-skroli, so hata egzosti yako ya kitambo ni ya kutupa. Ukibadilisha jiaboksi, ucheki reshio ya difu ya nyuma. Hizo mbili zisipofanana, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanavutana kila kilomita, na senta difu inaungua ukidhani ni harufu ya breki. Nimesikia fundi akisema "hiyo itajizoea". Haijizoei.

Hapo ndo wajanja hununua hafukati, nusu ya mbele ya gari yote: injini, jiaboksi, waya, ECU, dashibodi, hadi ufunguo. Ni doh mingi siku ya kwanza, lakini ukikusanya kitu moja moja Grogan utalipa hiyo doh na ingine juu, na bado utakosa soketi moja ya waya yenye hakuna mtu ako nayo.

Kwa Mark X ni noma zaidi. Wasee wanatoa ile V6 ya 4GR wanarusha 1JZ ama 2JZ. Mounti zinachomelewa upya, propela inakatwa kwa leithi ipatane na jiaboksi ingine, na kompyuta za hiyo gari zenye zimezoea kubonga na 4GR zinanyamaza. Unapata ndai inakimbia ka mwizi lakini temparecha haisomi na taa za dashi zimewaka zote. Injini yenye huwezi jua imechemka saa ngapi ni mshahara unangoja kuungua.

Na breki? Hapo kila mtu hukuwa bize. Utapata msee amemwaga doh yote kwa nguvu ya kwenda, na ya kusimamisha ni zile diski ndogo zilikam na gari ya mathee. Mimi nikiwa na doh ya moja, ningeanza na hiyo.

Sasa, kwani ni haramu? Zii. Kenya hakunanga sheria inakukataza kuweka injini ingine. Traffic Act, Cap 403, inadai tu ukibadilisha kitu yenye inafanya maelezo ya usajili yakuwe ya uongo, uambie wenye kusajili, na sheria ya 2012 ilipatia NTSA hiyo kazi. Cheki logibuku yako: kuna chesesi, nambari ya injini, mafuta, rangi, na mahali pameandikwa reting, yaani cc. Ukitoa 1500 ukaweka 2500, umebadilisha laini mbili. Ukiweka dizeli pahali pa petroli, tatu. Na serikali hupenda sana hiyo laini ya cc, juu ushuru wa kuingiza gari huchapwa kulingana nayo.

So unaingia kwa portali ya NTSA kupitia eCitizen, unaomba kubadilisha maelezo, unapeleka ndai inspeksheni, unaonyesha injini ilitoka wapi. Hapo mwisho ndo wasee huchujwa. Risiti yako ni karatasi imeandikwa "injini moja" na jina ya duka haisomeki. Nambari ya bloku haiko. Karatasi za kuingia bandarini, muuzaji anasema boss alienda nazo Mombasa.

Usichukulie poa. Sanse akifungua boneti apate nambari ya injini haifanani na logibuku, wewe unaona swapi, yeye anaona gari ya wizi. Na ka hiyo injini kweli ilibebwa kwa gari ya mtu, Penal Code kifungu 322 inabonga kuhusu kupokea mali ya wizi, na jela yake inaeza fika miaka 14. "Nilinunua Grogan" si jibu, hata ka nusu ya Nairobi imenunua Grogan.

Bima nayo haikuulizi kitu siku unalipa. Inakuuliza siku umegonga. Asesa anaangalia boneti, anapata turbo kwa gari yenye ulisema haina, na hapo kompe yako inaanza kuzungushwa, juu ulificha kitu ya maana. Ukitaka kuuza ndai, vile vile: mnunuzi mwerevu anakam na tochi, anasoma bloku, halafu anashusha bei hadi unahisi ukilia.

Kabla doh itoke mfukoni, fanya muuzaji apime kompresheni ukiwa hapo. Pikcha ya nambari ya bloku iingie kwa simu yako, na hiyo nambari iandikwe kwa risiti, pamoja na jina na nambari ya kitambulisho cha muuzaji. Injini ikiwa bado nje, badilisha taimingi belti, wota pampu na sili zote, juu ikishaingia kwa Subaru hiyo kazi ni mateso. Na muuzaji akianza kukupea hadithi mrefu kuhusu boss wake na Mombasa, duka linalofuata liko hatua kumi mbele, na injini wako nayo.