Deni la Zamani: Kungojea au Kutangazwa Mufilisi?

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Walakini yuko mtu ambaye duka lake limefungwa, ng'ombe wake wamekufa kwa ukame, na deni lingali pale pale. Katika Kenya mtu kama huyo ana njia mbili, na yafaa azipime vyema kabla ya kuchagua.

Njia ya kwanza ni kungojea. Sheria ya muda wa kushtaki, iliyoanza kutumika mwaka 1967, yasema kwamba mdai wa deni la mapatano hana budi kushtaki kabla ya miaka 6 kupita tangu siku lilipopasa kulipwa. Lakini njia hii ina mitego.

Tuseme deni la mwenye duka lilipasa kulipwa Machi 2019. Muda ungalikwisha Machi 2025. Mwaka 2024 mdai alimjia, naye kwa kuona haya akampa shilingi 500. Malipo hayo madogo yaliianzisha miaka 6 upya, hata 2030. Barua ya kukiri deni yenye sahihi yake ingalifanya vivyo hivyo.

Tena, mdai akishtaki mapema na kushinda, hukumu yake hudumu miaka 12. Na mdaiwa aitwaye kortini asiponena kwamba muda umepita, aweza kuhukumiwa alipe. Aliyeweka shamba rehani naye asitegemee miaka 6 hiyo, kwa maana mdai wake ana haki juu ya shamba lenyewe.

Njia ya pili imo katika Sheria ya Ufilisi ya 2015. Mdaiwa mwenyewe aweza kuomba korti imtangaze mufilisi. Mali yake hukabidhiwa msimamizi, huuzwa, na wadai hugawiwa. Huachiwa vifaa vya kazi yake na vyombo vya lazima vya nyumbani, kwa kiasi kilichowekwa. Kwa kawaida hufunguliwa baada ya miaka 3 tangu kupeleka taarifa ya mali na madeni yake, ila mtu akipinga. Hapo madeni mengi hufutika, lakini si yale ya udanganyifu, wala matunzo ya jamaa yaliyoamriwa na korti. Kabla ya kufunguliwa hawezi kwenda ng'ambo bila ruhusa, wala kuchaguliwa kuwa Mbunge.

Basi ipi ni bora? Mwenye deni moja la zamani, ambalo halijashtakiwa na muda wake u karibu kwisha, huenda asiwe na haja ya kuutoa mkononi ng'ombe wake wa mwisho. Lakini mwenye wadai wengi na hukumu juu yake, miaka 3 ni mifupi kuliko 12. Na awezaye kulipa kidogo kidogo, heri apatane na wadai wake, akijua kwamba mapatano hayo huanzisha muda upya.

Kwa vyovyote, mdaiwa azitunze hati na risiti zake, asidharau wito wa korti, na amwulize wakili kabla ya kutia sahihi au kutoa hata shilingi moja.