JE, UMEOKOKA?



Mama mmoja wa kigango chetu alikuja ofisini kwangu akitokwa na machozi. Mwanawe, aliporudi likizo, alimwuliza wakati wa chakula, "Mama, wewe ni saved?" Mama hakijui Kiingereza. Kijana akamfasiria: "Yaani, umeokoka au bado?" Usiku ule mama hakupata usingizi, alijiuliza kama Rozari zake za miaka arobaini zimekwenda bure.

Basi, yafaa tulijue neno hili. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066; nao Wafaransa walilirithi katika Kilatini. Katika Kilatini, salvus maana yake ni mzima, asiye na dhara. Warumi wa kale walisalimiana "Salve", yaani "Uwe mzima". Na ndivyo inavyoanza kwa Kilatini sala yetu ya Salamu Malkia. Hata kasha la chuma la kuwekea fedha, tunaloliita sefu, jina lake latoka katika shina hilohilo.

Kwetu Afrika ya Mashariki swali hili lilienea sana kwa uamsho uliovuma kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930. Wafuasi wake waliitwa Walokole, kwa neno la Kiganda lenye maana ya "waliookoka".

Angalia sasa, msomaji: neno lasema uzima, na mtu hapati uzima wote kwa siku moja. Aliyeopolewa kisimani ameokoka, lakini majeraha yake bado yataka dawa. Mtakatifu Paulo naye asema kwa namna tatu. Kwa Warumi, sura ya 8, tumekwisha kuokolewa. Kwa Wakorinto, barua ya kwanza, sura ya 1, tunaokolewa. Na kwa Warumi tena, sura ya 5, tutaokolewa.

Nilimshauri mama ajibu hivi: "Mwanangu, niliokolewa siku ya Ubatizo, naokolewa kila ninapotubu na kupokea Komunyo, na natumaini kuokolewa saa ya kufa kwangu."

Nanyi wazazi, mtoto akiuliza, msimfokee. Swali lake ni jema. Na limkute mwenye jibu. Nawe kijana, usimhukumu aliyekufundisha Ishara ya Msalaba.

Mama alijifuta machozi, akauliza, "Kumbe nimo?"

"Umo, mama," nikamjibu. "Usitoke tu."