Mkopo, Mvua na Maduka Madogo ya Ukambani

Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, miji ya Kitui na Wote huko Ukambani, mashariki mwa Kenya, imepata watumishi wengi wanaopokea mshahara kila mwezi, na soko hilo limewavutia wenye supamaketi, yaani maduka makubwa ambamo mteja hujichukulia bidhaa rafuni na kulipa anapotoka. Naivas, iliyoanzishwa Nakuru mwaka 1990, imekwisha kufika Kitui.

Bei ya duka dogo mara nyingi huwa juu kuliko ya supamaketi, lakini si kwa sababu ya tamaa ya mwenyewe. Supamaketi hununua shehena kubwa moja kwa moja kiwandani, na mara nyingi hulipa baada ya majuma kadhaa, bidhaa zikiwa zimekwisha kuuzwa. Ilhali mwenye duka dogo katika miji midogo kama Mutomo au Kathonzweni hununua katoni chache kwa muuzaji wa jumla, hulipa taslimu, kisha hubeba gharama ya usafiri.

Hata hivyo, duka dogo lina nguvu zake mbili. Ya kwanza ni kuuza kwa kipimo kidogo, desturi ambayo Wakenya huiita kadogo: sukari robo kilo, mafuta ya kupikia ya kupimiwa, kiberiti kimoja. Ya pili ni mkopo. Kwa kuwa eneo hili ni kame, familia nyingi hungoja ndengu za mvua za Oktoba hadi Desemba, zinazovunwa mwanzoni mwa mwaka. Kabla ya hapo mwenye duka huandika daftarini jina, pakiti ya unga na kipande cha sabuni, na mvua ikikosekana, deni hubaki pale pale huku rafu zikipungukiwa.

Kwa hiyo supamaketi hukopeshwa na viwanda, na duka dogo hukopesha wanakijiji. Nakumatt, iliyokuwa supamaketi kubwa nchini Kenya, ililemewa na madeni ya aina hiyo hadi wadai wakaamua ifilisiwe mwaka 2020. Marekebisho ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2019 yanamzuia mnunuzi mwenye nguvu kuchelewesha malipo bila sababu ya haki, lakini yanamlinda anayeiuzia supamaketi, si jirani anayeshindana nayo.

Wenye maduka wanapaswa kuungana katika ushirika, wanunue kwa pamoja na kupata bei ya kiwandani, na kaunti ziwasaidie kwa maghala na mikopo nafuu. Mkulima naye, ndengu zikishauzwa, alipe kwanza deni la daftari kabla ya kupeleka fedha mjini, kwa maana duka lisilolipwa halitakuwapo kiangazi kijacho.