Je, Wajua? Kodeini Moja, Madaraja Matatu

Nchini Marekani, kodeini ile ile, dawa ya maumivu na kikohozi, huwa na madaraja matatu ya udhibiti wa kisheria. Tembe ya kodeini tupu iko daraja la pili, pamoja na mofini na fentanili. Ikichanganywa na parasetamoli, bila kuzidi miligramu 90 kwa tembe, inashuka hadi la tatu. Ile ya dawa ya kikohozi, isiyozidi miligramu 200 katika kila mililita 100, huwekwa la tano, la chini kabisa.

Utaratibu huu ulitokana na sheria ya mwaka 1970, iliyotiwa saini na Rais Richard Nixon. Hupimwa faida ya kitabibu, hatari ya kutumiwa vibaya na uraibu. Heroini iko la kwanza, hivyo daktari hawezi kumwandikia mgonjwa. Cha ajabu, kokeini iko la pili, maana bado hutumika kutia ganzi kwenye upasuaji wa pua.

Mgonjwa huiona tofauti dirishani kwa mfamasia. Cheti cha daraja la pili hakirudiwi. Dawa ikiisha, anahitaji kingine. Cha daraja la tatu au la nne chaweza kurudiwa hadi mara tano ndani ya miezi sita. Kwenye chupa ya kiwandani, daraja huandikwa kwa herufi C na namba ya Kirumi.

Na madaraja hayagandi. Mwaka 2014, vidonge vya maumivu vya haidrokodoni vyenye parasetamoli vilipandishwa kutoka la tatu hadi la pili. Mwaka huo huo tramadoli, nayo dawa ya maumivu, iliyokuwa haina daraja lolote katika sheria hiyo, iliingizwa la nne.