Mtu akifa kwa Ebola, kwa nini virusi havifi naye?

Janga la Ebola lililotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018 lilifika Beni, Butembo na Ituri, na lilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 lilikuwa limeua watu 2,287. Tangu siku zile kuna swali linalorudi katika makanisa yetu. Watu wa afya wanasema virusi haviwezi kuongezeka nje ya mwili ulio hai. Basi mgonjwa akikata roho, virusi si vimekwisha? Mbona tunakatazwa kumwosha mama yetu? Swali hilo ni la haki, na halijibiwi kwa amri tu.

Mwili wetu umejengwa kwa chembe hai ndogo sana, ziitwazo seli. Kidudu cha tifoidi nacho ni seli nzima: kinakula, kinakua, kinajigawa. Kirusi si seli. Ni maagizo ya kurithi yaliyofungwa ndani ya protini, na kwa Ebola yamevikwa juu utando wa mafuta. Hakili wala hakipumui. Kirusi cha Ebola kina umbo la uzi, chembamba hivi kwamba ingebidi kupanga nyuzi zaidi ya 12,000 kandokando ili kutimiza milimita moja. Kina jeni 7 tu. Sisi tunazo karibu 20,000. Ni kama mtu asiye na mashini ya kusaga. Anaingia usiku kwa jirani, anawasha mashini kwa mazutu ya jirani, anasaga mihogo yake mpaka mashini inaharibika.

Namna kinavyoingia ndiyo inayotushangaza zaidi. Hakivunji mlango. Kinajishikiza kwenye seli, nayo inakimeza ndani ya kifuko, kama inavyomeza vitu vingine. Ndani ya kifuko hicho mna asidi na vimeng'enya vya kumeng'enya vitu. Mtu angedhani kirusi kitaharibika humo. Kumbe vimeng'enya vinakata kifuniko cha protini yake ya nje, na chini yake linatokea umbo linaloshikana sawasawa na protini yetu wenyewe iitwayo NPC1, ambayo kazi yake ni kusafirisha kolesteroli. Hapo utando wa kirusi unaungana na ukuta wa kifuko, maagizo yanamwagika ndani ya seli, na seli inaanza kutengeneza protini za mgeni kwa malighafi yake yenyewe. Virusi vipya vinatoka vikiwa vimejifunika kipande cha utando wa seli ile ile. Na seli za kwanza kushikwa ni zile zinazolinda mwili, ndiyo maana ugonjwa unatangulia ulinzi.

Sasa turudi kwa maiti. Mtu akifa, seli zake zinasimama na virusi vipya havitengenezwi tena. Lakini vile vilivyokwisha kutengenezwa vimejaa katika damu, matapishi, jasho na juu ya ngozi, na kwa kuwa havikuwa vinakula wala kupumua, kifo cha mtu hakivinyimi kitu. Vinangoja tu seli nyingine. Anayekufa kwa Ebola mara nyingi hufa wakati virusi vimefikia wingi wa kutisha mwilini. Kwa hiyo mkono unaomwosha unakutana na virusi vingi kuliko ule uliomsalimu siku ya kwanza ya homa. Maombi, nyimbo na neno la faraja havipitishi virusi. Kuosha, kuvalisha na kubusu maiti ndiko kunakopitisha.

Ule utando wa mafuta ndio udhaifu wake: sabuni ya kawaida inauyeyusha, na kirusi hakiwezi tena kuingia popote. Antibiotiki, hata ukimeza sanduku zima, hazikigusi, maana zinapiga kazi za seli ya bakteria, na yeye hana seli.

Chanjo iliyotolewa Beni na Butembo ina protini moja tu ya Ebola, ile ya nje, iliyowekwa juu ya kirusi kingine cha mifugo. Haina maagizo ya kutengeneza Ebola, hivyo haiwezi kumpa mtu Ebola. Dawa iitwayo mAb114 ilitokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit mwaka 1995, katika kazi aliyoshiriki Profesa Muyembe. Inakaa pale pale kirusi kinapotaka kushika NPC1, na mlango haufunguki. Katika majaribio yaliyofanyika kwetu, wagonjwa waliopewa dawa hiyo virusi vikiwa bado vichache mwilini walikufa mmoja hivi kati ya kumi. Waliofichwa nyumbani hawakupata nafasi hiyo.

Limebaki jambo la waliopona, ambao baadhi yao bado wanaachiwa benchi peke yao. Damu yao haina virusi tena. Kwa wanaume, vinaweza kubaki katika shahawa kwa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, kwa sababu ulinzi wa mwili haufanyi kazi sana huko. Kwa hiyo wanapimwa na kushauriwa kutumia kondomu mpaka vipimo viwili visionyeshe kitu. Kushikana mikono nao au kula nao sahani moja hakuna hatari. Beni na Butembo, wakati wa janga, ni wao waliobeba na kulisha watoto wachanga ambao mama zao walilazwa katika vituo vya Ebola.